Gemu za anga za mbali kwa mwendo wa mikono: rimoti, kamera au miwani ya VR?

Mwanasayari

Wakuu, habari zenu. Naomba msaada wa waliokwisha kucheza wenyewe.

Miaka yote nimetumia padi ya kawaida, vidole gumba viwili na basi. Sasa natafuta gemu ya hadithi za kisayansi, yenye sayari ngeni, vyombo vya anga na mitambo iliyotelekezwa, ila mkono wangu ndio ufanye kazi. Nikikuta mlango nishike mpini. Nikitaka kulenga nielekeze, nisisukume kijiti. Chumba ni kidogo: kutoka kochi hadi TV ni mita mbili na nusu, na katikati kuna meza ya kioo. Nacheza usiku baada ya kazi, saa moja au mbili. Mwanangu ana miaka 11 na atataka zamu yake, lakini huyu hata safari ya gari ya nusu saa humtibua tumbo.

Nimebaki na njia nne: konsoli ya zamani ya Wii na Metroid Prime 3: Corruption, Xbox 360 yenye Kinect (kamera inayosoma mwendo wa mwili), Switch na Metroid Prime Remastered, ambayo nadhani ni kitu kilekile kwa picha nzuri zaidi, au miwani ya VR, ile inayofunika macho na kukuweka ndani ya dunia ya gemu, nicheze Half-Life: Alyx. Mngekuwa mimi mngeanzia wapi?

FundiWaya

Mkuu, kabla ya gemu jua kwanza nini kinamwona nani, maana hapo ndipo chumba chako kitakapoamua.

Kwenye Wii watu hudhani ule upau mwembamba unaowekwa juu ya TV ndio unaoifuata rimoti. Sivyo. Upau hauoni chochote, ni taa tu za infraredi huku na huku. Kamera iko puani mwa rimoti. Inaona nukta mbili za mwanga, na hapo konsoli inajua umeelekeza wapi. Ndiyo maana hata mishumaa miwili ikitenganishwa sawasawa hufanya kazi ya upau. Nimewahi kuitumia waya ulipokatika, na tulicheza mpaka tukachoka. Kwako mita mbili na nusu zinatosha, ila hiyo meza ni adui. Mwanga wa upau ukiakisiwa kwenye kioo, rimoti inaona nukta za ziada na shabaha inaanza kurukaruka. Itandike kitambaa au iondoe kabisa.

Switch, kwa kulenga, haitazami kitu. Ndani ya padi kuna jairoskopu inayohisi mkono umegeuka kiasi gani. Haijui TV iko wapi, inajua tu umegeuka upande gani na kwa kiasi gani, kwa hiyo makosa madogo yanajikusanya na shabaha inahama taratibu. Unabonyeza kitufe, inarudi katikati. Ukizoea hata huoni kwamba unabonyeza.

Miwani ya VR kama Quest 3 ina kamera zake usoni, zinazosoma kuta na samani. Zinahitaji mwanga. Ukizoea kucheza na taa zimezimwa, hapo lazima ubadili tabia.

Zuhura_II

Nimeimaliza Metroid Prime 3 mara nne, kwa hiyo niseme kidogo kuhusu ule mpini unaoutaka.

Unafika mbele ya mtambo, mkono wa Samus, shujaa wa gemu unayemchezesha, unajitokeza kwenye skrini na kushika mpini. Unasukuma rimoti mbele, mpini unaingia. Unazungusha kiganja kama anayefungua mfuniko wa chupa, na rimoti inatetema kidogo. Kisha unavuta kwako, na kitu kizito kinachomoka. Sekunde nne tu, ila mwili wako umefanya yale yale uliyoyaona. Mkono wa pili una kazi yake pia. Adui akijikinga kwa ngao, unarusha mbele Nunchuk, kile kidhibiti cha pili kilichoungwa na rimoti kwa waya, kama mtu anayetupa kamba, kamba ya nuru inanasa, halafu unavuta kwa nguvu na ngao inang'oka. Hata kwenye chombo chake unabonyeza swichi za dashibodi kwa kuzielekezea rimoti.

Hiyo gemu ni ya 2007, na bado sijaona nyingine ya kukaa kochini inayotumia mikono miwili kwa akili hivi. Gemu nyingi za wakati ule zilikutaka upunge mkono hewani mahali ambapo kitufe kimoja kingetosha. Hapa mwendo umewekwa pale tu ambapo mkono halisi ungekuwa na kazi, na kulenga kumeachiwa kiganja.

Mambo mawili ya kufanya siku ya kwanza. Ingia kwenye mipangilio uchague udhibiti wa ngazi ya juu, ule uitwao Advanced. Ngazi za chini lazima usogeze shabaha karibu na ukingo wa skrini ndipo ugeuke, na hapo ndipo watu hukata tamaa wakisema gemu ni nzito. La pili, usinyooshe mkono. Kiwiko kiwe kwenye mkono wa kochi au juu ya mto, kiganja tu ndicho kifanye kazi. Ukicheza umeinua mkono, dakika ya ishirini bega linawaka.

BabaPacha

Mimi nilikuwa na Kinect. Naiheshimu sana, lakini kwa mita zako mbili na nusu usiende huko. Microsoft walishauri kama mita 1.8 kwa mchezaji mmoja na 2.4 kwa wawili, tena hizo ni za kusimama, si za kukaa. Ukitoa unene wa kochi na meza, utakuwa umebandika mgongo ukutani. Kwetu watoto waligongana viwiko kila jioni, na kosa halikuwa la kifaa, chumba kilikuwa kidogo.

Kilichonivutia ni Child of Eden ya 2011. Umesimama mikono mitupu, unapitisha kiganja juu ya viumbe vya mwanga ili kuvilenga, kisha unasukuma mkono mbele kuvifyatulia. Kwa saa moja ile unahisi umeingia ndani ya muziki. Lakini ni gemu inayokupeleka yenyewe, wewe huchagui njia. Na hapo ndipo shida ya mikono mitupu ilipo: bila kijiti wala kitufe, utatembeaje? Wewe unataka kuchungulia kila kona ya mtambo uliotelekezwa, kwa hiyo Kinect haitakufaa. Tena utengenezaji wake ulisimamishwa 2017, utatafuta iliyotumika.

KaptenMsaidizi

Wadau, kwa heshima zote, mtu anayetaka "kushika mpini" anapelekwaje kwenye konsoli ya 2006? Half-Life: Alyx ya 2020 ndiyo jibu la swali lake, neno kwa neno.

Chukua kubadilisha risasi peke yake. Unabonyeza kitufe, magazini tupu inaanguka. Unapeleka mkono nyuma ya bega, kwenye begi, unachomoa magazini mpya. Unaipachika chini ya bastola. Unavuta sehemu ya juu, klak. Huku kiumbe kinakujia. Mara ya kwanza niliangusha magazini, nikainama kuiokota, nikajikuta nimejibanza nyuma ya pipa nikitetemeka. Hakuna padi iliyowahi kunipa hilo. Halafu kuna glavu za mvutano: unaona kitu mbali, unakielekezea kiganja, unakunja kifundo cha mkono kwa ghafla, kinaruka kuja kwako na lazima ukidake. Mwanzoni kabisa kuna kalamu za wino na kioo cha dirisha, na unaweza kuandika juu yake. Nilipoteza dakika kumi hapo nikichora.

Chumba kisikutishe. Gemu inachezeka umekaa, na badala ya kutembea unaweza kuruka kutoka nukta hadi nukta. Kinachotakiwa kweli ni kompyuta: kima cha chini ni RAM ya GB 12 na kadi ya picha yenye GB 6.

Zuhura_II

Kapteni, sikupingi kuhusu Alyx. Kama ni yeye peke yake ningesema akae na zote mbili. Ila soma tena ombi lake. Anacheza usiku akiwa amechoka, na ana mtoto anayetaka zamu. Ukivaa miwani uko peke yako huko ndani. Kwenye TV mtoto anakaa pembeni, anaona mlango kabla yako, anakwambia "kule juu!" Gemu ya kuchunguza sayari inapendeza ikiwa na macho manne.

MamaWatatu

Ndugu Mwanasayari, mimi nijibu la tumbo la mtoto, maana wa kwangu wa kati yuko hivyohivyo.

Kwenye gari, sikio la ndani linasema tunasogea na macho yaliyoinamia kitabu yanasema tumetulia. Kwenye miwani ya VR ni kinyume chake: macho yanasema unakimbia, sikio linasema umekaa. Mwili haupendi mabishano hayo. Mtoto anayeumwa na gari si lazima aumwe na miwani, lakini nisingemwanzishia huko. Ile njia ya kuruka nukta kwa nukta husaidia sana, kwa sababu macho hayaoni mwendo wa kuteleza. Feni ikimpulizia usoni inasaidia pia. Ila kosa kubwa ni kumwambia "vumilia utazoea". Jasho likitoka kwenye paji la uso au akianza kupiga miayo, vua hapohapo na mpumzike mpaka kesho. Ukilazimisha, mwili utaikumbuka miwani kama kitu cha kutapisha, na hapo kuirudia ni kazi.

Na umri usipuuzwe. Meta, watengenezaji wa Quest, wanaruhusu kuanzia miaka 10 kwa akaunti inayosimamiwa na mzazi, Sony wanataka 12 kwa miwani yao ya PlayStation VR2. Alyx yenyewe ina viumbe vinavyokurukia usoni gizani. Kwenye TV mtoto anaweza kugeuza uso. Kwenye miwani hana pa kugeuzia.

Kipimo

Mwanasayari, kuna jambo naona limepita bila kusahihishwa. Metroid Prime Remastered ya 2023 si ile ya 2007 iliyopambwa upya. Ni gemu ya kwanza ya mfululizo, iliyotoka 2002 kwa padi ya kawaida. Kulenga kwa mwendo wa mkono kumo, tena vizuri, kuna hata mtindo unaofanana na ule wa Wii. Lakini mipini ya kusukuma na kuzungusha haimo, wala kamba ya kung'oa ngao. Ukiinunua kwa ajili ya hayo utasikitika bure, na ni gemu nzuri mno kusikitikiwa. Metroid Prime 4: Beyond ya Desemba 2025 ina kulenga kwa kiganja pia, na kwenye Switch 2 unaweza kuitelezesha padi mezani kama kipanya.

Kwa Wii, kagua nyuma ya TV. Waya wake wa kawaida ni ule wa vichwa vitatu, nyekundu, nyeupe na njano, na TV nyingi mpya hazina matundu hayo. Utahitaji kibadilishi. Picha yake haifiki ubora wa HD, kwa hiyo kwenye skrini kubwa itaonekana laini kidogo. Washa hali ya gemu kwenye TV. Usipoiwasha, TV inachelewa kuonyesha ulichofanya, na kwa gemu ya kuelekeza mkono ucheleweshaji huo unausikia kwenye kiganja kabla hujauona.

FundiWaya

Naongezea: mkanda wa kifundo uvaliwe, hata kwa mtu mzima. Desemba 2006, wiki chache tu baada ya Wii kutoka, Nintendo walijitolea kubadilisha mikanda milioni 3.2 kwa sababu watu walirusha rimoti na ile ya mwanzo ilikatika. Tafuta mkanda mnene.

Mwanasayari

Nimerudi na majibu, samahani kwa kimya cha wiki nzima.

Nilianza na Wii. Meza imehamia ukutani na sijui kwa nini ilikaa pale katikati muda wote huo. Ngazi ya juu ya udhibiti nimeiweka kama Zuhura alivyosema. Bila hiyo ningeirudisha gemu siku ya kwanza. Shabaha ilirukaruka jioni moja nikadhani rimoti ni mbovu, kumbe ni fremu ya picha yenye kioo, imeegemea kando ya TV. Nimeigeuza, imetulia.

Kapteni, Alyx naitaka bado. Kompyuta yangu haifiki hapo ulipotaja, kwa hiyo ni mpango wa baadaye, na itakuwa yangu ya usiku mtoto akishalala. MamaWatatu, tumbo limetulia kabisa mpaka sasa. Tunacheza nusu saa nusu saa na taa imewashwa.

Swali moja limebaki. Mwanangu ni wa mkono wa kushoto. Nimpindulie, rimoti kushoto na Nunchuk kulia?

Zuhura_II

Mpindulie. Vipande viwili vimeungwa kwa waya tu, havijali viko mkono gani. Na yeye amebahatika kuliko sisi: mkono wa kulia wa Samus ni mzinga, kwa hiyo anayeshika mpini kwenye skrini ni mkono wa kushoto. Sisi wa kulia tunavuta kwa kulia na kuona kushoto kukivuta.

Mwanasayari

Nimejaribu naye sasa hivi. Amesukuma, amezungusha, amevuta, mtambo ukang'oka. Akautazama mkono wake, akatazama skrini, akaniambia, "Baba, huyu ni wa kushoto kama mimi." Kurusha kamba kwa kulia bado kunamchanganya. Kesho tunaendelea hapohapo.