Naomba ushauri: sioni kabisa, nahama kutoka simu yenye kitufe

Papasa: Habari zenu wakuu. Simu naitumia kwa masikio na vidole. Nina iPhone SE ya 2020, na VoiceOver, ile sauti ya iPhone inayosoma kilichoko kwenye skrini, iko hewani tangu siku ya kwanza. Sasa betri haifiki jioni. Shida ni kwamba iPhone mpya hazina tena kile kitufe cha chini. Nikitia mkono mfukoni, kidole gumba kikigusa kitufe najua juu ni wapi na chini ni wapi. Halafu hii ya kufungua kwa uso, nitajuaje nimeuelekeza sawasawa? Nibaki huku au nihamie Android?

Kidole_Chepesi: Hofu hiyo nilikuwa nayo, mkuu. Weka kidole ukingo wa chini, kipandishe taratibu. Ikitetema mara ya kwanza, inua, umerudi mwanzo. Ukiendelea hadi mtetemo wa pili, unapata programu zilizo wazi. Vidole vinazoea haraka kuliko unavyodhani. Kuhusu uso, zima sharti la kutazama skrini kwenye mipangilio. Ila usalama unapungua: mtu anaweza kukuelekezea simu usoni umelala ikafunguka.

SikioLangu: Mimi nilihamia Android kwa sababu ya Kiswahili. Sauti ya Google inasoma Kiswahili, nami nilikuwa nimechoka kusomewa ujumbe wa mama kwa matamshi ya Kiingereza. Tafuta yenye kusoma alama ya kidole pembeni, kwenye kitufe cha kuwashia, maana unakipapasa ukakipata. Ile ya chini ya kioo utaihangaikia, kioo ni laini kote. Na usichukue yenye RAM ndogo, TalkBack, yaani msomaji wa skrini wa Android, itakuwa inachelewa kila ukigusa. Simu ya zamani usiiuze kwanza, ishara za TalkBack ni tofauti.

NuruKidogo: Kama unatembea peke yako sana, iPhone za Pro zina LiDAR, kihisi kinachopima umbali wa vitu. Programu ya Kikuzaji (Magnifier) inakutajia mlango uko umbali gani na unafunguliwaje. Kama hutembei sana, usilipie Pro.

Papasa: Asanteni sana. Leo nimezishika zote mbili. Ule mtetemo niliupata jaribio la tatu, kweli si mgumu. Lakini kwenye Android nilifungua ujumbe wa mama, "Umeng'oa jino?", na ikasoma "umeng'oa" vilevile, ng' yake ikiwa nzima. Nachukua hiyo, ya kidole pembeni. SikioLangu, ile ya kusoma mfululizo kuanzia juu unaifanyaje?

SikioLangu: Vidole vitatu, gusa mara moja. Menyu itafunguka, chagua kusoma kuanzia juu.