Naomba ushauri: Haller Park na bibi wa miaka 81
Assalam aleikum jamaa. Likizo ya Agosti nataka kuwapeleka watoto Haller Park, ile bustani ya wanyama ya Bamburi, Mombasa, na bibi yao kasema haachwi nyuma. Sisi twakaa Likoni. Akili atushinda sote, taabu ni magoti: mteremko wa feri tu husimama mara tatu, mkono mmoja begani kwangu, wa pili na kikapu cha mahamri. Kiti cha magurudumu hataki kukisikia, eti yeye si mgonjwa. Hamu yake amlishe twiga, na aone alikoishi Mzee, yule kobe aliyeandamana na kiboko Owen baada ya tsunami ya 2004. Twende asubuhi au alasiri jua likipoa? Na hilo la kiti nimwambieje asikasirike?