Kiwanja kisicho na njia: kiuzwe au kisiuzwe?

Mwenye hoja, Barani
Assalam aleikum ndugu zangu wa Malindi. Nauliza, na naomba tujibizane bila kuumizana: mtu ana haki ya kuuza kiwanja ambacho kwenye ramani hakigusi barabara yoyote? Mimi nasema hana.

Nilinunua futi 50 kwa 100. Nilifanya sachi kwenye ofisi ya ardhi, jina la muuzaji likatoka safi, hakuna mkopo wala zuio. Njia niliiona kwa macho yangu, imepita chini ya mikanju ya jirani, tuktuk zikiingia na kutoka. Mzee jirani alipofariki, warithi wakagawana, na aliyepata upande ule akazungusha seng'enge. Simlaumu, ardhi ni yake. Lakini mawe yangu ya timbo sasa yanashushwa barabarani, kisha nawalipa vijana shilingi 10 kwa kila jiwe wayabebe hadi ndani. Boza la maji halifiki. Msingi umesimama, nyasi zinaota ndani yake. Muuzaji naye ananiambia, "Nilikuuzia kiwanja, sikukuuzia njia." Neno hilo limenikaa kifuani.

Nataka sheria iseme: pasipo njia kwenye ramani, hati isihamishwe.

Dalali wa Maweni
Pole sana kaka. Hata hivyo nakupinga. Wapo wenye viwanja kama hivyo tangu kwa babu zao. Mtu akiuguliwa na mtoto, auze nini? Chenye ila huuzwa kwa bei ya chenye ila, mradi ila isemwe. Na mara nyingi mnunuzi anayekifaa ni jirani wa mbele, maana akikiunganisha na chake njia anayo tayari. Ukipiga marufuku, huyo naye umemfungia. Kosa la aliyekuuzia ni kunyamaza.

Mpimaji mstaafu
Sachi hukuonyesha mwenye ardhi, ukubwa wake na madai yaliyoandikishwa juu yake. Njia itafute kwenye ramani ya usajili, na hiyo unaiomba kando. Tafuta namba ya kiwanja chako, tazama kama kuna barabara iliyochorwa ikakifikia, kisha nenda shambani ukazitafute bikoni, yaani alama za mipaka. Njia iliyokanyagwa na watu miaka 30 inaweza isiwepo kabisa kwenye karatasi. Shamba la familia likigawanywa wakati wote ni ndugu, nani anaona haja ya kuchora njia? Kila mtu anapita kwa mwenzake.

Kwa aliyekwishakwama: kifungu cha 140 cha Sheria ya Ardhi ya 2012 kinamruhusu mwenye ardhi iliyozingirwa kuomba amri ya njia, na Mahakama ya Mazingira na Ardhi tunayo hapa hapa Malindi. Usidhani ni jambo la kwenda na kurudi. Jaji hutazama njia ilikuwaje siku uliyonunua, ardhi ilizingirwa vipi, nyote mlivyotendeana, na nani ataumia zaidi: wewe ukikosa pa kupita, au jirani akimegwa ardhi yake. Anaweza pia kukuamuru umlipe fidia. Kwa hiyo mkikubaliana na jirani, msiishie kwenye kahawa. Haki ya kupita iandikwe, isajiliwe juu ya ardhi yake, imfunge na atakayemrithi. Ruhusa ya mdomo ilizikwa pamoja na yule mzee wa mikanju.

Bi wa Shela
Kaka zangu, hamjauliza viwanja hivi vinatoka wapi. Sisi baba alituachia shamba upande wa Mambrui. Kaka zetu walichukua mbele, kwenye barabara. Sisi mabinti tukapewa nyuma, kwenye mawe na upupu. Ukihesabu ekari, fungu letu limetimia, nusu ya la kaka, kama tulivyoandikiwa. Ukihesabu thamani, halifiki hata robo. Na mirathi ni mali, mali ni thamani! Kadhi hakugawa, waligawa wao kwa wao jioni moja, sisi tukiwa jikoni.

Sasa ikija sheria ya kisiuzwe, kaka zangu watauza vyao kesho. Atakayefungwa mikono ni dada yangu, mjane, ana watoto watatu. Mbona hamsemi njia ikatwe kwenye mafungu ya mbele kabla hati hazijatoka?

Kijana wa Gede
Kwani kaunti haipitishi kila mgawanyo?

Mpimaji mstaafu
Inatakiwa, chini ya sheria ya mipango ya 2019, na mchoro usioonyesha njia haufai kupita. Ila wengi hugawana kwa kamba na vigingi, wakauziana kwa karatasi mbele ya mashahidi. Wengine njia ya mita 6 wanaichora vizuri, hati zikitoka aliye mbele anajenga choo juu yake.

Mwenye hoja, Barani
Bi wa Shela, umenigusa. Nilikuwa namtazama muuzaji siku ya kuuza, kumbe dhuluma ilifanyika siku ya kugawa. Neno langu la kupiga marufuku nalirudisha. Nabaki na mawili. Mgawanyo usio na njia usitoe hati hata moja, ya mbele wala ya nyuma. Na anayeuza kiwanja cha zamani aandike ndani ya mkataba kwamba njia haipo. Akificha, arudishe pesa yote pamoja na gharama. Hapo dalali nadhani tumekutana.

Jumamosi naenda kwa mrithi na wazee wawili wa mtaa, nimwombe mita 6 pembeni, mikanju inapoishia. Nitamlipa. Mpimaji, akikubali nikuletee nini kwanza?

Mpimaji mstaafu
Ramani, na nakala za hati zote mbili. Kama ni ardhi ya kilimo na anakuuzia kabisa, mtahitaji idhini ya bodi ya ardhi. Na kama ana mke na ndipo nyumbani kwao, mke awepo Jumamosi hiyo hiyo, asikie na akubali yeye mwenyewe.