Kuchambua picha na sauti katika tukio moja la filamu: nivitenganishe au nivichambue pamoja?

Mwanafunzi_wa_Habari aliuliza:

Shikamooni wakubwa zangu, na salamu kwa wenzangu wote.

Nasoma mwaka wa pili wa shahada ya mawasiliano ya umma. Katika somo la uchambuzi wa filamu na televisheni tumetakiwa kuchagua tukio fupi kutoka katika filamu iliyopendwa na watu wengi, kisha tueleze jinsi mbinu za picha na za sauti zinavyojenga maana. Nimechagua Jaws, filamu ya mwaka 1975 iliyoongozwa na Steven Spielberg, na hasa lile tukio la ufukweni ambapo mkuu wa polisi, Brody, ameketi mchangani akiyatazama maji huku watu wakiogelea, mpaka mtoto aliyelala juu ya godoro la hewa anapouawa na papa.

Nimeshalitazama tukio hilo mara nyingi na nimekusanya mambo ya kutosha: pembe za kamera, picha za karibu, ukataji, muziki, kelele za watu. Kinachonitatiza ni namna ya kuyapanga. Wenzangu wengi wanaandika sehemu ya kwanza kuhusu picha na sehemu ya pili kuhusu sauti, na mpangilio huo unaonekana nadhifu, lakini kila ninapoufuata naona kwamba ninaeleza jambo lilelile mara mbili na kila mara linabaki nusu. Jambo la pili ni kwamba rasimu zetu karibu zote zinaishia kusema "mbinu hii inaleta hofu", na ninahisi kwamba sentensi hiyo haisemi lolote, kwa kuwa filamu nzima ni ya hofu. Nitafanyaje ili uchambuzi wangu ueleze jinsi hofu hiyo inavyotengenezwa?

Meza_ya_Uhariri alijibu:

Marahaba, mdogo wangu. Mimi ni mhariri wa tamthilia za televisheni, kwa hiyo nitakujibu nikiwa upande wa chumba cha kuhariria.

Usivitenganishe. Katika tukio ulilochagua, picha na sauti hazifanyi kazi moja kwa wakati mmoja. Mara picha ndiyo inayotudanganya na sauti inanyamaza, mara sauti inatushtua na picha inakuja kuikanusha, na maana imekaa katika kupishana huko. Ukiweka picha peke yake na sauti peke yake, utakuwa umeondoa kitu kile kile unachotakiwa kukichambua.

Tazama kwanza jinsi kamera inavyomsogelea Brody. Ameketi, na mbele yake wanapita watu waliovaa nguo za kuogea. Kila mtu anapopita karibu na lenzi, mwili wake unaijaza fremu kwa muda mfupi sana, na hapo ndipo shoti, yaani kipande cha picha kisichokatizwa, inapokatwa. Akishapita, tunajikuta karibu zaidi na uso wa Brody kuliko mwanzo. Kisha anapita mwingine, nasi tunasogea tena. Verna Fields, aliyeihariri filamu hii, ameificha kata, yaani mahali shoti moja inapokwisha na nyingine kuanza, ndani ya mwili wa mpita njia. Kwa kawaida sisi wahariri tunaficha kata ili mtazamaji asisumbuke, lakini hapa kata imefichwa na usumbufu umeachwa makusudi: watu hao wanatuzibia macho kama wanavyomzibia yeye. Baadaye mwanamume mmoja anakuja kumweleza shida zake, kichwa chake kinachukua nafasi kubwa ya fremu, na bado macho ya Brody, pamoja na yetu, yanapita begani kwake kwenda majini. Sauti ya mwanamume huyo iko karibu na ni kubwa, ilhali tunachotaka kukisikia kiko mbali. Shoti hiyo moja inakupa aya nzima ambamo huwezi kusema habari ya picha bila kusema habari ya sauti.

Kisha kuna vitisho viwili vya uongo, na ningependa sana uvitazame kwa pamoja. Kitu cheusi kinakuja juu ya maji, kumbe ni kofia ya kuogelea ya mzee mmoja. Halafu msichana anapiga mayowe, kumbe kijana mwenzake amemnyanyua mabegani kwa mchezo. Kitisho cha kwanza kimelidanganya jicho na cha pili kimelidanganya sikio. Filamu imetuonyesha kwamba huku ufukweni hatuwezi kuamini tunachokiona wala tunachokisikia, na imefanya hivyo bila muziki wowote wa kututisha. Mpaka hapo sauti zote ni za mahali penyewe: watoto, mawimbi, maongezi.

Kisha anakuja mbwa. Bwana mmoja amekuwa akimrushia kijiti majini, na sasa anaita jina lake na mbwa haonekani, kijiti kinaelea. Hakuna papa, hakuna damu, hakuna muziki. Wanafunzi wengi wanalipita jambo hili haraka kwa sababu hawaoni mbinu ya kuitaja. Lakini hapa kitisho cha kweli kimekuja bila dalili yoyote, wakati vile vya uongo vilikuja na dalili tele.

Muziki unaanza pale kamera inapokwenda chini ya maji, kati ya miguu ya watoto. John Williams alitumia noti mbili zilizopishana kwa nusu toni, yaani noti za jirani kabisa, zinazoanza polepole na kuongeza kasi kadiri kamera inavyolikaribia godoro. Jiulize hivi: nani anausikia muziki huo? Hakuna hata mtu mmoja ufukweni anayeusikia. Brody amekuwa akitazama kwa makini kuliko wote, na wakati huo ndio tunaanza kujua jambo ambalo yeye halijui. Kwa hiyo badala ya kuandika kwamba muziki unaleta hofu, andika kwamba muziki unahamisha ujuzi: unautoa kwa mlinzi na kuutia mikononi mwa mtazamaji, ambaye hana uwezo wa kumwonya mtu yeyote. Hofu ya tukio hili inatoka hapo.

Mwalimu_wa_Pwani alijibu:

Nakubaliana na mhariri kuhusu mpangilio. Niongeze machache kuhusu njia ya kufanya kazi yenyewe, kwa sababu hoja nzuri isiyokuwa na ushahidi wa shoti kwa shoti huwaponyoka wanafunzi.

Litazame tukio hilo kwanza sauti ikiwa imezimwa kabisa, kisha uligeuzie skrini mgongo na ulisikilize tu, halafu ndipo uvirudishe pamoja. Mfaransa Michel Chion, mmoja wa waliofikiri kwa kina kuhusu sauti ya filamu, alisisitiza zoezi hili kwa sababu tulivyo, sauti inapoingia katika picha tunadhani tumeona kitu ambacho kwa kweli tumekisikia. Utashangaa jinsi shoti ya chini ya maji inavyokuwa shwari bila zile noti mbili: ni miguu ya watoto inayocheza katika mwanga wa jua. Andika ulichokiona kabla hujaruhusu sauti ikuongoze, na tofauti kati ya maandishi hayo mawili ndiyo ushahidi unaoutafuta.

Baada ya hapo chora jedwali: saa na sekunde ya kila kata, kilichomo ndani ya fremu, umbali wa kamera, sauti zinazosikika, na chanzo cha kila sauti kama kinaonekana au hakionekani. Ni kazi ya kuchosha, lakini bila jedwali hilo utaandika kutoka kichwani, na kichwa huongeza muziki mahali ambapo haupo.

Jambo jingine, na hili ninalisema kwa mkazo kwa sababu nimeliona kwa wanafunzi wa huku kwetu: hakikisha nakala yako ni ya asili. Wengi wetu tulizijua filamu za nje katika vibanda vya video, zikiwa na sauti ya msimuliaji anayetafsiri na kuchangamsha kwa Kiswahili, kama alivyofanya Lufufu kwa Tanzania na afanyavyo DJ Afro kwa Kenya. Ni sanaa inayostahili uchambuzi wake yenyewe, na ningefurahi kuona mtu akiandika tasnifu juu yake. Lakini msimuliaji huzungumza hasa pale ambapo filamu imekaa kimya, na katika tukio lako ukimya ndio uliobeba nusu ya kazi. Tumia nakala isiyo na usimulizi, na uvae vifaa vya masikioni, kwa kuwa spika za simu na za kompyuta ndogo hupoteza sauti za chini, na besi ndizo zinazoanzisha muziki huo.

La mwisho kwa upande wangu: tukio moja halijitoshelezi. Muziki wa papa katika filamu hii unafuata kanuni, na ni lazima uitaje japo kwa sentensi mbili. Baadaye watoto wawili wanawatisha waogeleaji kwa pezi bandia la karatasi ngumu, na muziki ule hausikiki, kwa sababu papa hayupo. Filamu imesema kweli kwa masikio yetu. Kisha, tukishaiamini, inatuvunjia ahadi: Brody anamwaga chambo baharini kutoka kwenye mashua na papa anaibuka nyuma yake bila noti hata moja ya kutuandaa. Mshtuko wa hapo ulianza kujengwa katika tukio lako la ufukweni, ambako tulifundishwa kuutegemea muziki.

Mwanafunzi_wa_Habari aliandika:

Nawashukuru sana nyote wawili. Nimeanza jedwali, na tayari nimeona kwamba aya yangu kuhusu muziki ilikuwa inaanza mapema kuliko muziki wenyewe.

Naomba kuuliza mambo mawili zaidi. Nimesoma kwamba papa wa mashine waliotengenezwa kwa ajili ya filamu hii waliharibika mara kwa mara katika maji ya chumvi, na kwamba upigaji picha uliopangwa kuchukua siku 55 ulifika siku 159. Ikiwa papa haonekani kwa sababu mashine ilikufa, je, ninayo haki ya kusema kwamba kutoonekana kwake ni mbinu? Na la pili ni ile shoti maarufu ya uso wa Brody mara tu baada ya shambulio, ambapo mandhari ya nyuma yanaonekana kuvutika. Kila mwandishi anaitaja. Ninaogopa kurudia wanayosema wote.

Meza_ya_Uhariri alijibu:

Swali lako la kwanza ni zuri, na usilikwepe katika insha, kwa maana mtahini makini atalifikiria. Kuharibika kwa mashine kunaeleza kwa nini papa hayupo. Hakuelezi kilichowekwa mahali pake. Spielberg angeweza kuonyesha pezi tu, au watu wanaokimbia, au ripoti ya mvuvi anayesimulia. Walichochagua ni kamera inayoogelea, muziki usiosikiwa na yeyote ndani ya hadithi, na mlinzi anayezibiwa macho. Huo ni uamuzi, na unachambulika kama uamuzi. Katika kazi yangu sijawahi kukaa mbele ya picha zilizokamilika kama zilivyokusudiwa. Mara zote kuna kilichokosekana, na uhariri unaanzia hapo. Si ajabu kwamba tuzo tatu za Oscar ambazo filamu hii ilipata zilikuwa za uhariri, muziki na sauti.

Ninachokusihi ni kutoandika "mwongozaji alikusudia" mahali ambapo huna ushahidi wa kusudi lake. Andika "shoti hii inafanya", au "mpangilio huu unamweka mtazamaji mahali fulani". Hapo unazungumzia kilichopo kwenye skrini, na hakuna awezaye kukupinga kwa habari za mashine.

Kuhusu uso wa Brody, ieleze kwanza kwa usahihi. Kamera inasogezwa mbele juu ya reli, na wakati huohuo lenzi inapanua mtazamo. Matokeo yake ni kwamba uso unabaki karibu na ukubwa uleule ilhali vilivyo nyuma yake vinakimbia kwenda mbali. Mbinu hiyo haikuzaliwa hapa, kwani ilitumika katika Vertigo ya Alfred Hitchcock mwaka 1958, kwa hiyo usiipe sifa ya ugunduzi. Wengi wanaishia kusema kwamba inaonyesha mshtuko. Wewe una nafasi ya kwenda mbele zaidi, kwa kuwa umeshazichambua zile kata za wapita njia. Mwanzoni kamera ilimsogelea Brody kwa kujificha nyuma ya miili ya watu. Sasa hapiti mtu, na kamera inamwendea waziwazi katika shoti moja isiyokatwa. Kilichokuwa kikimzibia kimeondoka, na kimeondoka wakati kuona hakuna faida tena. Ukiziunganisha shoti hizo za mwanzo na hii moja, utakuwa umeandika jambo ambalo halitoki katika orodha ya mbinu.

Kisha ufuatilie anachofanya baada ya hapo, maana wengi wanaifunga insha kwenye uso huo. Anakimbilia ukingo wa maji na kuwaita watu watoke, lakini yeye mwenyewe haingii, kwa sababu ni mtu anayeogopa maji. Wazazi wanawavuta watoto wao, kelele zinakuwa nyingi mno hata hakuna neno linalosikika sawasawa, halafu zinapungua na inabaki sauti moja ya mama akimwita mwanawe. Ilinganishe na yule bwana aliyekuwa akimwita mbwa wake. Ni sauti mbili za kuita zisizopata jibu, moja kabla ya muziki na moja baada yake.

Ukikuta maneno yamekuzidi, punguza historia ya utengenezaji iwe sentensi moja, na hata maelezo ya ile shoti ya Brody unaweza kuyafupisha, kwa kuwa msomaji wako anaifahamu. Aya ya mbwa iache kamili.