Baba anataka kuuza mtamba anunue dawa ya kuongeza miaka. Nimwambieje?

FundiSare_Nakuru

Hamjambo humu ndani. Mimi hushona sare za shule hapa Nakuru, kibanda changu kiko upande wa Kaptembwo, lakini kwetu ni Kimilili. Naomba msaada wenu kabla ya Ijumaa, maana Ijumaa ndiyo siku mnunuzi wa ng'ombe amesema atafika kwa baba na pikapu.

Baba ana miaka 82, au 83. Kitambulisho chake kina mwaka tu, hakina siku wala mwezi, na mwaka wenyewe ulikadiriwa na karani aliyemtazama usoni akaandika. Tunachojua kwa hakika ni kwamba alitahiriwa Agosti 1958, kwa sababu waliosimama naye mtoni wanajulikana kwa majina na wawili bado wako. Analima, anakamua, anasoma gazeti bila miwani akilishika mbali kidogo. Ana presha na humeza vidonge vya hospitali. Ugonjwa mwingine hana, isipokuwa ubishi.

Mwezi uliopita vijana wawili wenye tai walikuja kanisani kwao wakaomba dakika tano baada ya matangazo. Walichukua saa nzima. Wakasema wazungu wameshagundua kwamba uzee ni ugonjwa kama malaria, una dawa, na mtu anaweza kufika miaka 150 akiwa bado anapanda baiskeli. Kopo moja ni shilingi 7,500. Dozi kamili ni makopo sita. Piga hesabu, ni 45,000. Baba hana 45,000. Ana mtamba mwenye mimba ya miezi mitano, na nyanya ya huyo mtamba ndiye aliyenilipia karo ya kidato cha nne.

Nilimpigia simu nikamwambia hao ni wezi. Akanyamaza, halafu akaniuliza, "Mwanangu, kwani wewe unataka nife lini?"

Nilikata simu nikasingizia mteja amefika. Hakukuwa na mteja.

Kinachonishangaza ni kwamba ni yeye huyu alituhadithia tukiwa wadogo ile hadithi ya kinyonga, aliyoipata kwa kukhu, yaani nyanya. Wabukusu wenzangu mnaijua. Mwana wa Maina alikuwa amekaa nje jioni anakula, kinyonga akaja akaomba chakula, akafukuzwa. Akaomba tena, akafukuzwa tena. Ndipo kinyonga akasema, basi nyinyi mtakufa. Akaenda kwa nyoka, nyoka akamgawia, naye akambariki: wewe ukizeeka utavua ngozi uendelee. Baba alikuwa akifika hapo anatuambia tumalize ugali tulale, mambo ya kifo yalishaamuliwa kwa sababu ya sahani moja. Sasa leo yeye ndiye anataka kuvua ngozi.

Maswali yangu ni mawili. Je, kuna dawa yoyote ya kweli ya aina hii? Na mtoto anamwambiaje mzazi wake hapana bila kuonekana anamhesabia siku? Mimi mwenyewe nina miaka 46 na nywele napaka rangi kila wiki ya pili, kwa hiyo simcheki.

---

Boda_Kondele

Muulize huyo mwenye tai babu yake yuko wapi.

---

Muuguzi_KSM

Dada Fundi, pole. Mimi niko kliniki ya presha na sukari hapa Kisumu, na nakuomba kabla ya mengine yote fanya hivi: mpigie baba umuulize kama bado anameza vidonge vyake vya presha. Hawa wauzaji wana tabia ya kumwambia mzee apumzishe dawa za hospitali ili hii mpya "ifanye kazi vizuri". Hapo ndipo watu wanafia. Kopo lenyewe mara nyingi ni unga tu wa majani.

Sasa swali lako. Hakuna dawa iliyothibitishwa kumwongezea binadamu umri. Hakuna hata moja. Zipo zinazochunguzwa. Kuna rapamisini, iliyotoka kwa vijidudu vya udongo wa kisiwa cha Rapa Nui kule Pasifiki. Mwaka 2009 watafiti walitangaza kwamba panya waliolishwa hiyo waliishi muda mrefu zaidi, hata walioanzishiwa wakiwa tayari wazee. Hospitalini tunaijua kwa kazi nyingine: hupewa mtu aliyewekewa figo ya mwingine, ili kinga ya mwili wake isiikatae. Yaani ni dawa inayoshusha kinga. Umpe mzee wa Kimilili ashushwe kinga, halafu mvua za Aprili zije na homa ya mapafu? Hata metformini, ambayo nusu ya wagonjwa wangu wa sukari wanayo mfukoni, kuna wanasayansi wanaotaka kuijaribu dhidi ya uzee. Kutaka kujaribu na kuthibitisha ni vitu viwili. (Na tafadhali msianze kumeza za shangazi zenu.)

Kwa nini ni vigumu? Mwaka 1961 Leonard Hayflick na mwenzake waliona kwamba seli za kawaida za binadamu zikikuzwa kwenye chupa hugawanyika kama mara hamsini hivi, kisha zinakoma. Kila zikigawanyika, ncha za kromosomu, zile nyuzi za urithi ndani ya seli, hupungua, kama uzi unaochakaa mwishoni, na wewe fundi unajua uzi. Mtu atasema basi tuzuie hizo ncha zisipungue. Seli zisizokoma zipo. Mama mmoja Mmarekani, Henrietta Lacks, alikufa kwa saratani mwaka 1951 akiwa na miaka 31, na seli zilizochukuliwa kwenye uvimbe wake zinagawanyika maabarani mpaka leo. Zimemzidi umri wake mara mbili na zaidi. Seli isiyojua kufa ndiyo hiyo tunayoiita saratani.

Halafu kuna hesabu ya Benjamin Gompertz, Mwingereza wa mambo ya bima, ya mwaka 1825. Alionyesha kwamba mtu akishakuwa mzima, hatari ya kufa inajizidisha maradufu kila baada ya miaka kadhaa. Siku hizi tunasema kama minane. Mtu wa miaka 30 na mtu wa 82: hatari imejizidisha maradufu mara sita na nusu, yaani imekuwa karibu mara mia. Ndiyo maana hata tukiponya ugonjwa mmoja mzima kwa wazee, miaka inayoongezeka ni michache. Kingine kinakuwa kinangoja mlangoni.

Swali la pili sina jibu. Mimi baba yangu alikataa kuacha sigara na mimi nimevaa sare ya hospitali mbele yake.

---

Kijana_Njoro

Kuna mnyama wa hapa hapa kwetu anayeikataa hiyo hesabu ya Gompertz. Fuko asiye na manyoya, yule wa maeneo makavu ya kaskazini na mashariki mwa Kenya, mwenye meno ya mbele kama patasi. Ni mdogo kama panya, na panya wa nyumbani hata akitunzwa kwa kawaida hafiki miaka minne, lakini fuko huyu anapita 30. Mwaka 2018 watafiti walichambua kumbukumbu za maelfu yao wa maabara wakakuta hatari yake ya kufa haipandi kadiri anavyozeeka. Anakufa, ndiyo, ila si kwa sababu ya uzee kama sisi.

Kwa hiyo uzee si sheria ya kila kiumbe. Labda mzee amekosea dawa tu, hajakosea ndoto.

---

Mjukuu_wa_Kuka

Nyinyi mnasumbuka na maabara. Kuka yangu, yaani babu, wa Lugulu aliishi miaka 127 kwa mrenda, wimbi na kutembea. Hakuwahi kumeza kidonge. Chakula cha siku hizi ndicho kinatuua.

---

MwalimuMstaafu_Kakamega

Mjukuu, shikamoo yako naipokea ingawa hukuitoa. Nimefundisha hesabu na historia miaka 34 na nina jambo la kukuuliza kwa heshima: hiyo 127 imetoka wapi? Kama imetoka kwenye "alizaliwa wakati wa vita vya Chetambe", vita hivyo ni vya 1895, sawa, tunaweza kuhesabu. Lakini alizaliwa wakati wa vita, au alikuwa mtoto wa kubebwa, au ni baba yake aliyekimbia? Kwetu sisi mtu akishapita tisini, kila mazishi anayohudhuria anaongezewa miaka miwili.

Usione ni dharau kwa wazee wetu. Mwaka 2024 mtafiti anayeitwa Saul Newman alipewa tuzo ya Ig Nobel, ile ya utafiti unaochekesha kwanza kisha unafikirisha, kwa kuonyesha jambo hili hili kwa wazungu. Majimbo ya Marekani yalipoanza kutoa vyeti vya kuzaliwa, idadi ya watu waliodaiwa kupita miaka 110 ilianguka kwa zaidi ya theluthi mbili. Karatasi iliwapunguzia watu umri kuliko kipindupindu.

Aliyefika mbali kuliko wote kwa ushahidi wa maandishi ni mama Mfaransa, Jeanne Calment wa mji wa Arles: alizaliwa Februari 1875, akafa Agosti 1997, miaka 122. Mwanamume ni Jiroemon Kimura wa Japani, 116, alikufa 2013. Tangu yule mama aende, hakuna aliyefika alipofika, na dunia imeongeza hospitali na watu kwa mabilioni.

Ila sijamtaja kwa sababu ya miaka yake. Mwaka 1965, akiwa na miaka 90, wakili mmoja wa mji ule mwenye miaka 47 alifanya naye mkataba: nitakulipa faranga 2,500 kila mwezi mpaka ufe, ukifa nyumba ni yangu. Kwa hesabu ya kawaida alikuwa amepata nyumba ya bure. Alilipa miaka thelathini. Akafa yeye, 1995, akiwa na 77, hajalala humo hata usiku mmoja, na mjane wake akaendelea kulipa. Bibi yule alikuwa bado anakula chokoleti.

Sasa Mama Fundi. Kwa uzoefu wangu, mzee wa miaka 82 hatafuti miaka ya bure bure. Nina 71 na naweza kukwambia: siku nyingi nimechoka na ningefurahi kupumzika, ila kuna jambo moja au mawili ambayo sitaki yafanyike nikiwa sipo. Acha kumwambia habari za wezi. Muulize anataka hiyo miaka aifanyie nini.

---

FundiSare_Nakuru

Nimerudi. Nimesoma yote, asanteni. Samahani nimechelewa, ilibidi nisafiri mwenyewe. Nilitoka Nakuru alfajiri ya Alhamisi nikafika nyumbani saa tisa mchana.

Muuguzi, Mungu akubariki. Alikuwa ameziacha dawa za presha siku kumi na tisa. Ndugu yangu alimpeleka zahanati jioni hiyo hiyo, kipimo cha juu kilikuwa 184. Amerudishiwa vidonge na kufokewa na msichana wa umri wa mwanangu, akawa mpole kama kondoo. Mimi angenijibu.

Mwalimu, nilifanya ulivyosema. Nilingoja amalize kukamua, nikamshikia ndoo, nikamuuliza: Papa, hiyo miaka mingine unaitakia nini?

Akanipeleka kule chini karibu na kijito. Akanionyesha mahali ambapo zamani palikuwa na mstari wa mkonge. Mkonge uling'olewa 1974 na jirani yetu, na tangu hapo jirani amekuwa akisogeza mahindi yake hatua moja kila baada ya misimu michache. Wanaume waliokuwepo mkonge ukipandwa wameisha wote. Wamebaki wawili tu wanaojua ulipita wapi: baba, na jirani mwenyewe, mwenye miaka 79. Atakayebaki peke yake ndiye atakayewaonyesha watu mpaka, na hakutakuwa na wa kumbishia.

Akaniambia, "Sitaki miaka 150. Nifanye nini nayo? Nataka siku moja tu zaidi ya yake."

Nikaanza kucheka, akanikazia macho. Halafu akaniambia jambo ambalo hakuwa amemwambia mtu: siku ile kanisani, jirani alikuwa benchi la mbele, na yeye alinunua makopo mawili papo hapo, pesa taslimu, akageuka nyuma kumtazama baba.

Ijumaa mnunuzi alikuja, akapewa chai, akarudi na pikapu tupu. Mtamba yuko. Tumekubaliana kwamba badala ya dawa tumwite msajili wa ardhi na mpima, wazee wote wawili wasimame pale kijitoni, kila mmoja aseme yake, iandikwe, na mzee wa kijiji aweke sahihi. Baba amekubali kwa sharti moja, kwamba jirani alipe nusu ya gharama.

Jana ndugu yangu alipelekwa kuzungumza na jirani. Alimkuta kivulini anamenya njugu. Amesema yeye hana haraka yoyote na mambo ya mpima, na kopo la pili hata hajalifungua.