Stima ikikatika bodi inakufa, na butiloda (programu inayoiwasha Linux) wameifunga: mafundi wa Mombasa tumechoka!

Mafundi wenzangu, salaam. Nafungua uzi huu nikiwa na hasira na sitaificha. Kuna bodi za AM335x, kompyuta ndogo zenye chipu ya jina hilo, zinauzwa hapa Mombasa kwa ajili ya mitambo ya kudhibiti vyumba vya baridi. Muuzaji simtaji jina, aliyezinunua atazijua kwa tabia yake: stima ikipotea na kurudi mara mbili haraka haraka, bodi haiamki tena. Taa ya nguvu inawaka, soketi ya mtandao inamemeta, lakini Linux haiji. Umebaki na kipande cha plastiki chenye taa.

Nimezifunga kwa wateja wa samaki Likoni na Kibokoni. Bodi ndiyo inayosubiri volti itulie kisha inaiamuru rilei (swichi ya umeme) iwashe kompresa, na ndiyo inayotuma SMS joto likipanda. Ikilala, kompresa haipati amri na SMS haiendi. Swichi ya mkono ipo pembeni, lakini stima ikirudi saa nane usiku ni nani yuko pale kuibonyeza? Asubuhi mzee ananipigia: "Mwanangu, kidude chako kimelala tena, na humu ndani mna nguru na kolekole wa watu." Huyo mzee hajui butiloda ni nini wala hapaswi kujua. Anachojua ni kwamba barafu imekuwa maji na kina mama wa samaki wako mlangoni.

Nilipompigia muuzaji nikaambiwa, "Shida ni umeme wenu wa Mombasa." Tafadhali! Umeme wa Mombasa tunaujua tangu tuzaliwe. Mtu anayeuza mtambo wa chumba cha baridi Pwani na hakutarajia stima kukatika, alitarajia nini?

Sasa nieleze kinachotokea, maana nimechomeka kebo ya seriali ya volti 3.3, inayoonyesha maneno ya bodi kwenye laptop, nikakisoma kwa macho yangu. Butiloda yake ni U-Boot, toleo la 2014.07. U-Boot hutoa toleo jipya kila baada ya miezi mitatu, na hawa bado wanatuuzia la 2014! Lakini umri si kosa lao kubwa. Kosa liko kwenye mipangilio yake. Kwenye bodi ambayo bado ni nzima, andika fw_printenv (amri ya kuisoma mipangilio hiyo ukiwa Linux) utaona mstari huu wa bootcmd, yaani amri za kubuti:

bootcmd=run count_boot; saveenv; run mmcboot

Yaani kila inapowashwa, kabla hata haijaigusa kerneli (kiini cha Linux), inaandika mipangilio yote upya kwenye eMMC (hifadhi ya bodi) kwa sababu tu inataka kuhesabu imewashwa mara ngapi. Kila inapowashwa! Na nakala ya mipangilio hiyo ni moja tu. Stima ikirudi, ikakaa sekunde chache, ikakatika katikati ya ule uandishi, CRC (namba ya kuhakiki kwamba mipangilio ni mizima) haioani tena. Ikiwashwa inayofuata, skrini inasema:

*** Warning - bad CRC, using default environment

Hapo ndipo penye uchungu. Hiyo mipangilio ya asili iliyopikwa ndani ya butiloda ni ile ya meza ya kiwandani. Hawakuibadilisha. bootcmd yake ni run netboot (buti kupitia mtandao), na serverip, anwani ya seva, ni 192.168.1.100. Bodi iliyoko Likoni, ndani ya chumba chenye samaki, inaanza kuitafuta seva iliyoko kwenye benchi ya kiwanda ng'ambo! Haiipati, inaandika "ARP Retry count exceeded; starting again", inaanza upya, haiipati, inaandika tena. Ukiiacha mpaka kesho utaikuta pale pale. Kerneli nzima iko kwenye eMMC, mfumo wa mafaili mzima, data ya mteja nzima, na hakuna anayeigusa.

Utasema basi bonyeza kitufe, uisimamishe, urekebishe. Nami nilibonyeza. Hakuna kinachotokea, kwa sababu wameweka bootdelay=-2 (bootdelay ni muda wa kungoja kabla ya kubuti). Kwa wasiojua: -1 huizuia U-Boot isiendelee yenyewe, ikakuachia amri mkononi. -2 inaenda moja kwa moja bila kungoja na bila kuangalia kama kuna mtu amegusa kibodi. Wamefunga mlango wakaondoka na ufunguo, na nyumba ni yetu, tumeilipia.

Kuna na jingine. Kwenye hiyo mipangilio ya asili wameandika ethaddr (anwani ya MAC, kitambulisho cha kifaa mtandaoni) moja kwa bodi zote. Bodi mbili zikipoteza mipangilio ndani ya jengo moja, zote zinajitambulisha kwa anwani moja ya MAC na mtandao mzima unayumba. AM335x huja na MAC zake zimechomwa ndani ya chipu tangu kiwandani! Kazi ilikuwa kuisoma tu. U-Boot yenyewe ina msimbo wa kuisoma. Wao wakaona bora waandike namba moja kwa mkono, basi.

Jinsi ya kuiokoa iliyokwisha kulala, kwa wanaohitaji leo leo: usiing'oe eMMC na usikubali kuambiwa ununue nyingine. Ipe laptop yako anwani 192.168.1.100, iunganishe na bodi kwa kebo ya mtandao, weka seva ya TFTP iipe kerneli na seva ya NFS iipe mfumo wa mafaili. Majina ya mafaili inayoyataka utayaona kwenye seriali ikiyaomba, au yachimbe kwa amri ya strings ndani ya faili la butiloda, u-boot.img. Bodi itadhani imerudi kwao kiwandani na itabuti. Ukishaingia Linux, nakili kwa amri ya dd eneo la mipangilio kutoka kwa bodi nzima ya aina hiyo hiyo, lakini angalia kwanza /etc/fw_env.config ujue eneo linaanzia wapi. Ukikosea hapo utaandika juu ya butiloda yenyewe na hutakuwa na pa kurudia. Mwisho rekebisha ethaddr, iwe ya bodi yako na si ya ile uliyonakili.

Kwa zile ambazo bado zinaamka, fanya hivi kabla stima haijakatika: tumia fw_setenv (amri ya kubadilisha mipangilio) utoe saveenv kwenye bootcmd, kisha uweke bootdelay iwe 3. Uandishi wa kila siku utakoma, na maadamu mipangilio ni mizima utaweza kuisimamisha kwa kebo. Hii inapunguza hatari lakini haiponyi, kwa sababu mipangilio ya asili iliyo ndani bado ni ile ile ya kiwandani, na nakala bado ni moja.

Dawa yenyewe ni kuijenga butiloda upya. Weka CONFIG_SYS_REDUNDAND_ENVIRONMENT ili mipangilio ikae nakala mbili, moja ikiharibika nyingine ipo. Fanya bootcmd ya asili ianze na eMMC. Na kama wanataka kuhesabu idadi ya kubuti, AM335x ina rejista ndani ya RTC (saa ya chipu) kwa kazi hiyo na U-Boot inaijua kupitia CONFIG_BOOTCOUNT_AM33XX. Unaweka bootlimit (kikomo cha majaribio), unaweka altbootcmd (amri mbadala ya kubuti), kerneli mpya ikigoma mara kadhaa mfululizo bodi inarudi kwenye ile ya zamani, bila kuandika hata baiti moja kwenye eMMC. Vyote hivi vilikuwemo tayari kwenye hilo toleo la 2014 wanalotuuzia! Hawakuhitaji kubuni chochote.

Mbona nisiijenge mwenyewe? Nimeshaomba. SPL, sehemu ya kwanza ya U-Boot, ndiyo inayoiwasha RAM, na vipimo vya DDR3 (aina ya RAM) vya bodi hii viko kwenye msimbo wao peke yao. Ukichukua vya BeagleBone, bodi nyingine ya AM335x, ukavitia humu, huna hakika kama RAM itasimama. Nikawaandikia kwa adabu wanipe msimbo chanzo. Jibu: "Hiyo ni siri ya kampuni."

Siri ya nani? U-Boot iko chini ya GPL toleo la 2, leseni ya programu huria. Wolfgang Denk aliianza kama PPCBoot, ikawa U-Boot mwaka 2002; alifariki 2022, na mpaka leo iko wazi kwa dunia nzima. Leseni inasema ukimpa mtu programu iliyojengwa, umpe na msimbo chanzo wake kamili, pamoja na skripti za kuijengea na kuisakinishia, au umpe ahadi ya maandishi inayodumu angalau miaka 3 kwamba akiomba atapewa. Mimi kwenye boksi nimekuta karatasi ya udhamini na kifurushi cha skrubu. Wamechukua kazi ya watu bure, wakaiharibu, wakaifunga, kisha wanatuambia ni siri yao!

Kwa hiyo naomba hivi. Mwenye bodi hizi, aweke hapa chini matokeo ya fw_printenv (futa kwanza nywila na namba za wateja) pamoja na mistari ya kwanza ya seriali inapowaka. Mwenye stakabadhi ya malipo aihifadhi. Natayarisha barua ya kudai msimbo chanzo kwa kifungu cha 3 cha GPL, na naitaka iende na majina ya mafundi wengi, wa Mombasa, Kilifi, Malindi mpaka Lamu, ili wasituambie tena kwamba shida ni ya mtu mmoja na umeme wake. Na anayetaka kununua, aombe kwanza kuiona bodi ikizimwa na kuwashwa mfululizo mbele yake, kebo ya seriali ikiwa imechomekwa. Akikataliwa, asitoe pesa.