Tupeane uzoefu: maisha yaliposimama, ni jambo gani dogo lililokupandisha hasira?

Mwalimu wa Jinja

Ndugu zangu, naanza na langu ili msione haya kutoa yenu.

Machi 2020 shule zilipofungwa hapa Uganda kwa sababu ya korona, nilikuwa nafundisha Kiswahili kwenye sekondari ya binafsi. Haukupita muda mshahara ukakatika. Tulikuwa tunaishi kwenye vyumba vya kupanga, muzigo kama tunavyoita hapa: vyumba sita, ua mmoja, kamba moja ya kuanikia nguo. Kamba hiyo ndiyo iliyonimaliza. Jirani yangu, mama wa watoto wanne, alikuwa anaanika mashuka kuanzia mwanzo wa kamba mpaka mwisho. Miaka miwili nimekaa pale sikuwahi kuliona hilo. Kufikia Juni nilikuwa naamka saa kumi na moja alfajiri kuchungulia kama ameshaanika. Nilikuwa nahesabu vibanio vyake. Siku moja nikashusha shuka lake likiwa bado bichi, nikaliweka juu ya jerikeni. Tukatukanana mbele ya watoto mpaka mwenye nyumba akapigiwa simu.

Usiku mke wangu akaniuliza swali moja tu: "Wewe una nguo ngapi za kuanika?" Nilikuwa na shati moja.

Yule mama hakunikosea kitu. Tatizo ni kwamba tangu asubuhi mpaka jioni hapakuwa na mtu aliyenihitaji. Kichwa kilichozoea kubeba madarasa manne kilibaki kitupu, kamba ikaingia ikakijaza chote. Oktoba watahiniwa waliruhusiwa kurudi shuleni, lakini mtoto wa yule mama, wa darasa la saba, hakuwa na ada. Akaja mlangoni kwangu na daftari. Nadhani mama yake hakujua. Kiswahili hakikuwamo kwenye mtihani wa darasa la saba, basi tukakaa na maarifa ya jamii, yeye na mwenzake mmoja. Baada ya wiki kama mbili mke wangu akauliza, "Siku hizi jirani haaniki mashuka?" Nikatazama nje. Kamba yote ilikuwa mashuka.

Nyinyi yaliwapataje?

Boda wa Kawempe

Mwalimu, umenigusa. Sisi wa boda tulikatazwa kubeba abiria tangu Machi mpaka karibu mwisho wa Julai mwaka huo, mizigo tu ndiyo iliyoruhusiwa. Na mizigo yenyewe haikuwepo. Steji ikawa ludo kutwa nzima. Dadu likaanguka chini, mwenzangu anasema ni sita, mimi nasema arushe tena. Nilimvunja jino. Hatukuwa tumeweka hata shilingi mia! Jino nimelilipia, lakini urafiki haujarudi ulivyokuwa, na jambo hilo linaniuma mpaka leo.

Mama Cherehani, Nakivale

Poleni wote. Ila mimi neno hilo "dogo" silikubali.

Niliingia kambi hii ya wakimbizi kutoka Kivu, Kongo, na mtoto mgongoni. Miaka ya mwanzo nilijulikana kama mgomvi wa bomba la maji. Mtu akisogeza jerikeni yake mbele ya yangu, hata kama alikuwa ameondoka kidogo tu kumnyonyesha mwanawe, nilikuwa napiga kelele zikasikika mtaa wa pili. Watu walisema huyu mama ana shetani. Lakini fikirini. Nyumba si yangu. Jina langu limeandikwa vibaya kwenye karatasi. Kama nitaondoka hapa au nitabaki, anayejua ni mtu mwingine ofisini. Nafasi yangu ya saba kwenye foleni, hiyo ndiyo niliyokuwa nayo. Ukinipita pale ulikuwa umeninyang'anya vyote.

Sasa nina cherehani, nashona sare za shule. Siwadanganyi, hasira bado ninazo. Nakasirikia uzi unaokatika na mteja anayenizungusha na pesa yangu. Tofauti ni kwamba hasira hizi nikizimaliza, sare inakuwa imeshonwa.

Mnasihi wa Kasese

Mama Cherehani, umesema jambo ambalo mimi nilihitaji darasa kulielewa.

Baba yangu alikuwa mchimbaji Kilembe. Shaba ilipoacha kuchimbwa, miaka ya mwanzo ya themanini, alirudi nyumbani na buti zake. Alimshitaki jirani kwa mwenyekiti wa kijiji mara tatu kwa sababu ya mgomba mmoja uliokuwa mpakani. Mgomba wenyewe hata ndizi haukuzaa. Tulimchukia kwa hilo, na amekufa sijamwambia kwamba nimeelewa.

Niliposomea unasihi nilikutana na kijiji cha Marienthal, Austria. Kiwanda chao cha nguo kilifungwa mwaka 1930, karibu kijiji kizima kikakosa kazi. Watafiti, Marie Jahoda akiwa mmoja wao, wakaenda kuchunguza maisha yao, na matokeo yakachapishwa 1933. Wanaume waliokuwa na siku nzima mikononi walitembea polepole, wanasimama simama njiani, na vitabu vya maktaba viliazimwa kidogo kuliko walipokuwa wanafanya kazi. Wanawake walitembea haraka, maana kazi za nyumbani hazikuisha. Na mashitaka ya wao kwa wao yaliongezeka, mengi hayana msingi. Nilipofika hapo nilifunga kitabu. Nilimwona baba yangu na mgomba wake.

Afande mstaafu, Bombo

Mimi ilikuwa viatu vya wajukuu. Jeshini kila kitu kina mstari wake. Nimestaafu, nikawa nawapanga watoto paredi mlangoni, kiatu kikipinda ni kelele. Wakaanza kuingia kwa mlango wa jikoni wasinione. Hilo la mlango wa jikoni lilinivunja moyo kuliko yote niliyoyaona kazini. Sasa nina kahawa, miche mia mbili, na wajukuu ndio wanaonisaidia kumwagilia. Wanakuja peku.

Kijana wa Mbale

Nawasoma wakubwa wangu, nashukuru. Nyote mmeshatoka huko. Mimi bado nimo. Nimemaliza chuo, shahada ya hesabu, huu mwaka wa tatu sina kazi. Jana nimemfokea dada yangu kwa sababu ya chaja mpaka akalia. Mnasema mtu apate la kumshughulisha, sawa. Linapatikana wapi? Maombi nimeandika mpaka nimechoka.

Mwalimu wa Jinja

Mdogo wangu, kazi ya mshahara sina ya kukupa, na sitakudanganya. Lakini yule mtoto wa daftari ana mdogo wake, mwaka huu ndiye yuko darasa la saba, na hesabu za sehemu, zile za nusu na robo, zinamshinda. Mimi hesabu siziwezi, tumekwama kwenye kugawanya. Anaweza kukupigia kwa simu yangu Jumamosi saa nne asubuhi?

Kijana wa Mbale

Saa nne nipo. Mwambie awe na penseli, kalamu hapana.